Buibui, popo na bundi kwenye dhahabu ya Andes: wale watu walivaa mapambo au walikuwa wanageuka wanyama?

#1 Shanga Saba

Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Kuna ushanga mmoja umenikaa kichwani wiki ya tatu sasa. Ni wa dhahabu, upana wake unapita kidogo sentimita 8, yaani ukiuweka kiganjani unakijaza. Juu yake umetandazwa utando wa nyuzi za dhahabu, na katikati ya utando kakaa buibui, miguu yote minane nje. Ukishuka macho hadi tumboni kwake, tumbo hulioni. Kuna uso wa mtu, umetulia, unakutazama. Shanga za namna hiyo ziko 10, zilikuwa kidani kimoja, na kila moja imeshikizwa kwa lehemu mahali zaidi ya 100.

Kidani hicho kilitoka kwenye kaburi la mtu anayeitwa Bwana Mzee wa Sipán, karibu na mji wa Chiclayo, pwani ya kaskazini ya Peru. Watu wake tunawaita Wamoche. Walistawi takriban kati ya mwaka 100 na 800, jangwani, wakilima kwa mifereji ya maji yanayoshuka kutoka milima ya Andes. Maandishi hawakuwa nayo. Walichotuachia ni vyungu, kuta zilizochorwa, na vito.

Sasa swali langu: mfalme mwenye dhahabu ya kumwaga, kwa nini ajitundikie buibui shingoni? Mimi nikipewa dhahabu hiyo nachonga ua, au nyota.

Jibu nililolipata, na ndilo lililonifanya nifungue uzi, ni kwamba hawakumchagua mnyama kwa sura yake. Walimchagua kwa kazi yake. Buibui anafanya nini? Anatega. Akishanasa, hamuui mateka wake papo hapo: anamfunga kwa uzi, anamweka, halafu anamfyonza. Wamoche nao walipigana si kwa lengo la kuua uwanjani bali kuteka. Michoro ya vyungu vyao inaonyesha: mateka anavuliwa nguo na silaha, anafungwa kamba shingoni, anapelekwa hekaluni, anakatwa koo, damu inakingwa kwenye kikombe na kukabidhiwa bwana mkubwa. Tusidhani ni hadithi tu za kwenye vyungu, kwani mifupa ya watu waliochinjwa imefukuliwa kwenye hekalu la Huaca de la Luna, kwenye bonde la Moche lenyewe. Na karne nyingi kabla yao, kwenye mabakuli ya mawe ya watu wa Cupisnique, buibui tayari anaonekana amebeba nyavu zilizojaa vichwa vya watu.

Kwa hiyo yule bwana aliposimama mbele ya watu wake na buibui 10 kifuani, hakuna aliyemwona kapendeza. Walimwona mtegaji.

Tuendelee na bwana mwingine wa hapohapo, yule maarufu zaidi, Bwana wa Sipán. Mwanzoni mwa 1987 wezi wa makaburi walichimba Huaca Rajada, kilima cha makaburi cha hapo Sipán, na kuanza kuuza vitu. Mwanaakiolojia Walter Alva akawahi, akachimba kwa utaratibu, akamkuta bwana huyu kalala na vito vyake vyote kama alivyozikwa. Alikuwa na jozi tatu za majasi. Nasema majasi kwa makusudi, maana si hereni za kuning'inia. Ni yale madude ya duara yanayozibwa kwenye tundu kubwa la ndewe, kama waliyokuwa wakivaa bibi zetu wa Lamu. Jozi moja ina bata, ya pili ina kulungu, zote zimenakshiwa kwa feruzi. Ya tatu ina askari mdogo aliyesimama, hafiki hata urefu wa kidole, ameshika rungu na ngao, kishaufu cha puani kinacheza ukikigusa. Halafu sogeza jicho karibu zaidi: huyo askari mwenyewe amevaa mkufu shingoni, na kila ushanga wa mkufu huo ni kichwa cha bundi.

Kichwa cha bundi kidogo kuliko punje ya mtama. Nani angekiona? Hata aliyeongea naye uso kwa uso asingekiona. Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Karibuni.

#2 Nahodha Mstaafu

Nimeweka kambi. Mwenye kahawa alete.

#3 mzalendo_halisi2

Kwa hiyo mfalme alikuwa anavaa buibui? Basi na yeye alikuwa anajistiri 😂

#4 Shanga Saba

Nilijua tu hili litakuja. Umechelewa, nilitegemea liwe post namba mbili.

#5 Chui Mpole

Mada nzuri dada, ila naona umeruka msingi. Kila anayesoma habari za Andes anajua wanyama wao watakatifu ni watatu: kondori, yule ndege mkubwa, ni wa mbinguni, puma, paka mwitu mkubwa wa Amerika, ni wa duniani, nyoka ni wa kuzimu. Hanan Pacha, Kay Pacha, Uku Pacha. Hayo mabuibui na mabata ni mapambo ya ziada tu. Ukishika hao watatu umemaliza.

#6 Shanga Saba

Chui Mpole, shukrani kwa kuja, ila hapa tutavutana kidogo.

Hayo majina matatu ni ya Kikechua, lugha ya Wainka na ya watu wengi wa milimani hadi leo. Wainka walitawala karne ya 15 na mwanzo wa ya 16. Bwana wa Sipán alizikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, pwani, na lugha za pwani ya kaskazini zilikuwa nyingine kabisa. Kumsomea vito vyake kwa kamusi ya Wainka ni sawa na kumsomea mtu barua ya jirani yake.

Halafu ule mpangilio wa mnyama mmoja kila tabaka, mimi naona umenyooka mno. Unafaa kwenye fulana na kwenye mdomo wa mwongoza watalii. Ukifungua masanduku ya vito wenyewe unakutana na fujo: kaa, pweza, kambare, kamba wa mtoni, popo, mjusi, mbweha. Tena wamechanganywa. Kuna kilemba kimoja cha dhahabu cha Wamoche, katikati ni uso wenye meno ya chui, kuuzunguka inatoka mikono minane ya pweza, na kila mkono unaishia kichwa cha kambare. Niambie hapo ni tabaka gani: mbinguni, duniani au kuzimu?

Chui yupo, hilo halina ubishi. Tena ni wa zamani sana. Kuntur Wasi, milima ya Cajamarca, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1989 walikuta mataji ya dhahabu yenye umri wa karibu miaka 2,800, na kwenye vito vya pale nyuso za jagua, yaani chui wa Amerika, zimejaa. Cha kushangaza, jagua haishi kule juu. Makao yake ni misitu ya mashariki, upande wa Amazon. Kumvaa maana yake ulikuwa unajua habari za mbali, au ulikuwa unataka watu waamini unazijua.

#7 Sonara wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Mimi nitaongea kwa upande wa meza ya kazi, maana nimeshika koleo miaka 26 na baba yangu kabla yangu.

Lehemu mahali 100 kwenye ushanga mmoja wa sentimita 8. Wale ambao hamjawahi kulehemu hamuelewi dada anasema nini. Ukiunga mguu wa kwanza wa buibui, sawa. Ukija kuunga wa pili, moto uleule unaelekea kuufungua wa kwanza. Leo tuna lehemu za aina mbalimbali, ngumu na laini, kila moja inayeyuka kwa joto lake. Tuna gesi na bomba la kuelekeza moto mahali unapotaka. Wao walikuwa na nini?

Pili, nataka kuuliza: hii yote ni dhahabu tupu? Kwa sababu vitu vya ukubwa huo kwa wingi huo, hata mfalme anafilisika.

#8 Shanga Saba

Wa alaykum salaam fundi, nilikuwa naomba mtu kama wewe aje.

Moto: walipuliza kwa mdomo. Kuna chungu cha Wamoche kinachoonyesha mafundi wamezunguka tanuru, kila mmoja na mrija wake mdomoni. Mvukuto wa viriba hawakuwa nao.

Dhahabu tupu: hapana, si yote. Na hapa kuna jambo litakalokuudhi au kukufurahisha. Vitu vingi vya Wamoche ni shaba iliyopakwa dhahabu. Vingine ni mchanganyiko wa dhahabu na shaba, wakati mwingine na fedha ndani yake, ule unaoitwa tumbaga. Unaufua bamba, unapasha moto, shaba ya juu inaungua inakuwa ukoko mweusi, unaiosha kwa kitu chenye uchachu, unarudia tena na tena. Kila ukiosha, shaba inapungua usoni na dhahabu inabaki. Mwishowe bamba linang'aa kama dhahabu safi ilhali ndani ni nyekundu.

Hizo za kupakwa ni balaa zaidi. Heather Lechtman, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, alichunguza vipande kutoka Loma Negra, kaskazini kabisa mwa Peru. Dhahabu juu ya shaba ni nyembamba mno, nusu hadi mbili ya sehemu ya elfu ya milimita, na imeenea sawasawa hadi ukingoni. Akaonyesha maabara kwamba inawezekana bila umeme: unaiyeyusha dhahabu kwenye maji yenye chumvi, shura na shabu, unapunguza ukali kwa magadi, unachemsha, unatumbukiza bamba la shaba safi. Dhahabu inatoka majini inakuja kukaa juu ya shaba yenyewe.

#9 Sonara wa Ngamiani

Subhanallah. Kwa hiyo ya kuchovya!

Kwa lugha ya dukani kwangu hiyo ni feki, mteja anakurudishia na maneno juu. Lakini shura na shabu, bila betri… hapana, huyo aliyegundua namvulia kofia.

#10 Shanga Saba

Ndiyo maana nimesema litakuudhi. Lechtman mwenyewe hakuiona kuwa udanganyifu. Alichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba kwa watu wa Andes uso wa kitu ulipaswa kutoka ndani yake. Ile tumbaga haikupakwa rangi. Dhahabu ilikuwemo tangu mwanzo, fundi akaitoa.

Nikaunganisha na wanyama, hapa ni mimi nasema, msimlaumu mama wa watu. Kama unaamini dhahabu imo ndani ya shaba inasubiri kutolewa, si ajabu kuamini popo yumo ndani ya mtu.

#11 Bibi Kidani

Shanga mwanangu, umenena ya mabwana tu. Mbona mabibi umewaacha?

Pale El Brujo, bonde la Chicama, mwaka 2006 ilifunguliwa maiti iliyoviringishwa nguo tabaka kwa tabaka. Kila mtu alitegemea mwanamume, maana ndani mlikuwa na marungu ya vita. Alikuwa msichana, hakufika hata miaka 30. Wanamwita Señora de Cao. Mikono yake imechorwa chale za nyoka na buibui. Sasa nyie mnasema mfalme alivaa buibui kifuani. Huyu binti alimvaa kwenye ngozi, asimvue hata akilala.

Na vishaufu vya puani alivyozikwa navyo vinapita 40, vya dhahabu na vya fedha. Kishaufu cha Kimoche si kama changu mie. Ni bamba zima, linaning'inia kutoka puani linafunika mdomo. Mtu akisema nawe humwoni akisema. Sauti inatoka nyuma ya dhahabu.

#12 Kamba Kochi

Nipo New York, baridi imetubana ndani, nasoma uzi huu tangu asubuhi.

Nimewahi kuyatazama majasi ya Wamoche Metropolitan Museum. Ni jozi yenye watu wanaokimbia, wana mabawa na vichwa vya ndege, kila mmoja kashika kijifuko mkononi. Feruzi, gamba la kome, vijiwe vya bluu, vyote vimekatwa vidogo vikapangwa kama vigae. Ukingoni duara la vitufe vya dhahabu. Lakini nilichokodolea macho ni nyuma. Nyuma ya kila jasi kuna bomba, nene kuliko kidole gumba changu, ndilo linapita kwenye ndewe. Nilijishika sikio bila kujijua. Mlinzi akacheka.

Jambo moja niliona: yule mkimbiaji wa sikio la kushoto na wa kulia wanatazamana. Maana yake wote wawili wanaelekea kwenye uso wa mvaaji. Ukisimama mbele yake macho yako yanasukumwa kwenda katikati, huna pa kukimbilia.

#13 Nahodha Mstaafu

Kahawa imeisha. Endeleeni tu.

#14 mzalendo_halisi2

Sasa niongee la maana. Mbona hamtaji ndege za Bogotá? Kule Colombia kuna vitu vya dhahabu vya zaidi ya miaka 1,000 vyenye mabawa yaliyonyooka na mkia uliosimama wima. Mnyama gani ana mkia wima? Wajerumani wawili walitengeneza mfano wake mwaka 1994 na ukaruka. Ukaruka kabisa! Wazungu wanaficha.

#15 Chui Mpole

Wazungu wanaficha kitu ambacho Wazungu ndio walichokirusha?

#16 Shanga Saba

😂 Chui, kwa hili tuko pamoja.

Mzalendo, Kiswahili kilishakujibu zamani: ndege ni ndege. Wale Wajerumani walichorusha ni mfano mkubwa waliouwekea injini na rafadha. Vile vya dhahabu havina hayo, na vina urefu wa sentimita 5 hivi, pamoja na kipete cha kupitisha uzi ili uvae shingoni. Kidani, baba. Vilivyobaki vya familia hiyohiyo, kwenye Makumbusho ya Dhahabu ya Bogotá, vina macho, meno na mapezi. Mkia wima upo kwa samaki. Nenda feri ukaangalie. Waliochonga walikuwa wanamchanganya samaki na ndege na labda na mdudu, kama Wamoche walivyochanganya pweza na chui.

Ila nakushukuru umetupeleka Colombia, maana huko ndiko kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Watu wa Tairona, Sierra Nevada de Santa Marta, walitengeneza vidani vya mtu-popo. Mtu amesimama, mikono kiunoni, kilemba kikubwa kichwani, na pua imeinuliwa juu na kuvimba. Ukimtazama haraka unadhani fundi kakosea pua. Hakukosea. Makaburini wamekutwa navyo vishaufu vyenyewe, mirija minene ya dhahabu, ambavyo mtu akivivaa vinainua pua yake na kuipanua hadi inafanana na ya popo wa kule, wale wenye kinyama chenye umbo la jani juu ya pua. Pamoja na kipini cha chini ya mdomo na kilemba chenye kingo.

Yaani kile kidani ni picha ya mtu aliyevaa vito, na vito vyenyewe vipo. Hakuvaa picha ya popo. Alivaa pua ya popo.

#17 Kamba Kochi

Samahani kwa ushamba wangu wa jiografia: Sierra Nevada de Santa Marta si sehemu ya safu ya Andes. Ni mlima unaojitegemea, umekaa peke yake ukingoni mwa Karibi.

#18 Shanga Saba

Kweli kabisa, nimeteleza. Basi niuache mlima nimbakize popo, na nirudi Peru nilipe deni.

Pwani ya kusini, kwa Wanasca, ambao waliishi takriban wakati mmoja na Wamoche. Hao hawakuwa na mbwembwe za lehemu. Walifua dhahabu bamba jembamba, wakakata kwa umbo. Kishaufu chao cha puani kinafunika mdomo wote, na kutoka pembeni yanajipinda masharubu kuelekea mashavuni. Masharubu ya chui. Ukifuata sharubu moja kwa kidole hadi ncha, unakuta kichwa cha nyoka.

Ukijumlisha na aliyosema Bibi Kidani, utaona vito hivi vimekusanyika mdomoni, puani, masikioni. Mahali pa kula, kunusa, kusikia. Huwezi kumwambia mtu aliyevaa hivyo kwamba amejipamba kwa mnyama. Amebadilishiwa viungo.

#19 Fatuma wa Mkunazini

Mie bundi ndiye aliyenishtua. Kwetu bundi akitua paani, bibi alikuwa anatoka na chumvi usiku uleule. Na huko mtu anamvaa shingoni? Walikuwa hawamwogopi?

#20 Shanga Saba

Fatuma dada'ngu, nadhani walimwogopa, na ndiyo maana wakamvaa. Kwenye michoro ya ile sherehe ya kikombe cha damu kuna mtu mwenye sura ya ndege amesimama mbele ya bwana mkubwa, watafiti wakawa wanamwita kuhani-ndege. Wengi walidhani ni jini wa kwenye hadithi. Halafu Sipán, kaburi la pili, akatoka mtu mwenye kikombe na kilemba cha shaba iliyopakwa dhahabu, na kwenye kilemba ni bundi amekunjua mabawa. Mtafiti Christopher Donnan, aliyekuwa amezichambua sana picha hizo, akaona watu wa michoroni ndio hawa wa makaburini. Kumbe palikuwa na wanaume wa nyama na damu wakivaa na kufanya kazi ya bundi.

Bundi naye kazi yake tunaijua: anakuja usiku, humsikii, anaondoka na kitu.

#21 Bibi Kidani

Na kulungu wa majasi? Yeye hawindi, yeye ni kitoweo.

#22 Shanga Saba

Bibi, umenikamata pazuri. Kulungu yuko upande wa pili wa kamba. Wamoche walichora mabwana wakimwinda kulungu huku wamevaa mavazi ya fahari ambayo huwezi kuwindia, kwa hiyo si kutafuta nyama. Na kuna vyungu vya kulungu ameketi kama binadamu, uchi, kamba shingoni, vilevile anavyoketi mateka. Kwa hiyo sikio la bwana yule siku moja lilikuwa na askari, siku nyingine likawa na kulungu: mshindi na mshindwa kwenye ndewe ileile. Bata naye kwenye michoro anabeba rungu na ngao, anapigana. Bata, jamani.

Kuna pia kidani cha karanga, si mnyama lakini siwezi kukiacha. Karanga 20 zenye ukubwa wa kupita kiasi, 10 za dhahabu upande wa kulia wa kifua, 10 za fedha upande wa kushoto. Mpaka kati ya dhahabu na fedha unapita katikati ya mwili wa mtu.

#23 Chui Mpole

Nimeelewa, nakubali nilikuja na vitabu vya watalii. Swali moja: kama vilikuwa vingi hivyo, vya Wainka wenyewe viko wapi? Hao ndio matajiri tunaowasikia.

#24 Shanga Saba

Vimeyeyushwa. Mwaka 1532 Mhispania Francisco Pizarro alimteka Atahualpa, mfalme wa Wainka, kule Cajamarca, naye akaahidi kujaza chumba kwa dhahabu ajikomboe. Zikaletwa zaidi ya tani 6 za dhahabu na karibu tani 12 za fedha. Mafundi walewale wa kienyeji wakaamrishwa kuwasha matanuru, vikawa vipande vya kugawana. Atahualpa akanyongwa 1533. Wanyama waliopona ni wale wadogo waliozikwa juu ya vilele vya milima, visanamu vya lama, mnyama wa Andes wa jamii ya ngamia, vya dhahabu na fedha vya kukaa kiganjani.

Wizi haujaisha. Kile kilemba cha pweza nilichokitaja kiliporwa mahali panapoitwa La Mina mwaka 1988, polisi wakakikuta London 2006, kikarudi Peru. Vingi havijarudi. Ndiyo maana kwa vito vingi vilivyoko kwenye makabati ya dunia hatujui alivivaa nani, sikio gani, na alizikwa na nini. Tunabaki na mnyama bila mwili.

#25 mzalendo_halisi2

Hapo kwenye wizi nakuunga mkono asilimia 100. Ila zile za Bogotá bado nina mashaka nazo.

#26 Sonara wa Ngamiani

Narudi. Jana baada ya kufunga duka nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa na vipande vya fedha chakavu, nikavuta waya, nikakata miguu minane, nikafua kijibamba cha duara. Nikasema nijaribu buibui mmoja tu, bila utando, bila uso, bila gesi. Makaa, na mrija wa shaba wa kupuliza kwa mdomo. Kijana wangu wa kazi akanishikia taa.

Mguu wa kwanza ulikaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu nikauchoma ncha ikawa tone. Nikakata mwingine. Nilipopuliza wa nne, wa kwanza ukalegea ukalala ubavu. Mashavu yananiuma hadi leo kama nimepulizia watoto maputo ya harusi.

#27 Kamba Kochi

Fundi, jaribu kupaka udongo mwembamba kwenye maungio yaliyokwisha kukaa, uyakinge na moto.

#28 Sonara wa Ngamiani

Hiyo naijua, baba alikuwa anaifanya. Niliisahau kwa kudekezwa na gesi. Leo usiku narudia na udongo wa mfinyanzi.

Dada Shanga, ukipata picha ya upande wa nyuma wa ule ushanga nitumie. Nataka kuona walianzia mguu upi.